Kile Alichodhani Kimepiga Shoti

Mafundi redio wenzake walimbandika mzee huyu jina Shoti. Kifaa chochote kikimshinda, hukumu ilikuwa moja: "Kimepiga shoti, tupa." Darasani hakukanyaga. Redio alijifunza kwa kuungua vidole.

Mkewe alikuwa mzito wa kusikia, na kusoma hakujua. Alivaa kisanduku cha kusikilizia kifuani, waya ukipanda hadi sikioni. Siku kilipozimika, mzee alikifungua, akang'oa transista ndogo ya miguu mitatu nyuma ya maikrofoni, akaipima. Mguu wa lango, ule unaoamuru umeme kupita, hakuuunganisha na chochote, lakini mshale wa mita ulipanda: umeme unapita. Transista alizozijua yeye zilikuwa hazipitishi umeme mpaka ziamshwe.

"Shoti," akasema. Akaitupa, akachomelea ya kawaida. Kisanduku kikabaki bubu.

"Acha tu, baba watoto," mkewe akacheka. "Sasa koroma utakavyo."

Miezi miwili baadaye mkewe alikuwa kitandani, hajiwezi, roho yake yote iko kwa binti yao aliyepelekwa hospitali kujifungua. Simu ikaja: mama na mtoto wazima. Mzee akakimbilia chumbani, machozi ya furaha yanamtoka, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mkewe hakuambulia kitu. Basi mzee akakunja mikono kama aliyebeba mtoto.

Mkewe akayatazama yale machozi, akaitazama ile mikono. "Mwanangu!" akasema, akajifunika uso. Hakusema tena. Alfajiri akakata roho.

Baada ya maziko alirudi kazini. Transista ya aina ileile, kutoka redio ya mteja, ikampeleka kwa dada muuza vipuri.

"Hii imekufa, nipe nyingine."

Dada akaipima, akagusisha hasi ya betri kwenye lango. Mshale ukashuka hadi mwisho.

"Nzima kabisa, mzee wangu. Aina hii hupitisha umeme bila kuamshwa. Hasi ndiyo inayoifunga. Hukaa kwenye antena za redio, kwenye maikrofoni..."

"Na visanduku vya kusikilizia?"

"Humo ndimo mwake! Umezika ngapi zikiwa hai, Shoti?"

Akaichukua ile transista, akaondoka.

Nyumbani alikifungua kile kisanduku. Waya wa maikrofoni ulikuwa umeachia, mwembamba kama unywele. Kuugusa mara moja tu na solda kungetosha.

Simu ikalia. Binti yake, na swali ambalo mzee alilikwepa tangu maziko.

"Baba, mama alijua nimejifungua salama?"

Mzee akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mtandao, mwanangu," akasema. "Sikusikii."