Jani la Muhogo Kila Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilifika ukweni Kitanga na zawadi ya kipumbavu kuliko zote zilizowahi kuingia nyumba ile. Usicheke kwanza, ngoja.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, tumehamishwa mashambani kwetu kuja kijiji kipya huku Kasulu. Nikawa mtu wa hasira. Kuku akilia, nagomba. Jirani akikohoa, nagomba. Mke wangu Tereza alivumilia msimu mmoja, akafunga kanga zake akarudi kwao. Hasira hasara, na hasara yangu ilikuwa na jina.

Sasa mimi shule niliishia darasa la tano, ila kuchora nilikuwa nachora. Nikaona niwalainishe wakwe. Nikachana mfuko wa saruji, nikachukua mkaa, nikamchora mama mkwe. Uso wote, mpaka mwanya. Nikampa baba mkwe kwa mikono miwili, nikangoja sifa.

Kwetu Waha, enzi zile, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye majani. Mzee akaangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Huu mwanya," akauliza polepole, "umeuona wapi?"

Tereza alikuwa mlangoni, akarudi ndani. Nikaambiwa niende zangu.

Babu yake Tereza ndiye aliyenisindikiza. Mzee wa kusuka vikapu, mikono yake haijui haraka. Akasema mkono wangu hauna shida, shida nachora huku nawaza watu watasema nini, na kugomba nagomba hivyo hivyo.

"Kila asubuhi, kabla hujaongea na mtu, chora jani moja la muhogo chini, uani kwako. Litazame jani. Ukimaliza, fagia."

Nifagie? Kazi yangu? Lakini nilimtaka mke wangu, nikaanza. Majani yangu yalifanana na miguu ya bata. Siku nyingine nilichora nimenuna. Ila nikaendelea, mpaka nikawa naisikia pumzi yangu inavyotembea, na moyo unatulia kama maji ya mtungi.

Asubuhi moja mbuzi wa jirani akaingia kwenye maharage yangu. Zamani ningemfuata mwenye mbuzi na jembe. Nikamaliza jani, nikafagia, ndipo nikampelekea mbuzi wake na salamu yote ya Kiha, ile ya kupiga makofi ya heshima na kila kitu. Maharage yaliliwa, sikatai. Jirani aliogopa, akadhani naumwa.

Habari ikatembea mpaka Kitanga. Baada ya mavuno, nimeinama uani na kijiti changu, nikasikia mtu amechuchumaa kando.

"Jani lina vidole saba," Tereza akasema. "Umechora vitano."

"Niliishia la tano, mke wangu. Nahesabu mpaka hapo."

Akachukua kijiti, akaongeza viwili. Kisha akaingiza mzigo wake ndani.

Basi, mwanangu, nakuusia: tafuta kitu kimoja kidogo, jani, kikombe, hata sufuria iliyobonyea, ukichore kila siku kabla dunia haijaanza kukuita. Usitafute wa kumwonyesha. Kikitoka kibaya, sawa, si mtihani. Ukiruka siku, usijilaumu, kesho nayo ni asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba, na utulivu nao unajaa hivyo hivyo.

Mungu akupe macho ya kutazama, moyo usio na haraka, na asubuhi nyingi za kukaa na watu wako kwa amani.