Mwenyekiti Anayefuata Utaratibu

Mwenyekiti wa kamati yetu ya nidhamu ya polisi huingia chumbani na kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akiandika neno hata moja. Mimi ni karani wa kumbukumbu, kwa hiyo namtazama kutwa. Viganja vyake laini, visivyojua kazi, hunyoosha kingo za karatasi mpaka zilingane. Kisha hupangusa miwani kwa ncha ya tai na kutangaza kwa upole, "Hapa tunafuata utaratibu. Kila mtu anasikilizwa." Halafu husinzia. Mtu akijitetea mpaka jasho limtoke, yeye huitikia "Naam, naam" macho ameyafumba.

Siku ya Jumanne aliletwa koplo aliyeshtakiwa kuacha lindo. Alikuja na daftari la zamu kwapani, na shahidi wake alikuwa nje kwenye benchi. Mwenyekiti akapangusa miwani, akafungua faili, akasoma: "Baada ya kusikiliza kwa makini utetezi wa mshtakiwa, kwamba aliumwa tumbo, kamati imeukataa." Koplo akainua mkono taratibu. "Samahani, afande, mimi sijasema kitu bado. Na sikuumwa tumbo. Nilikuwa lindoni." Nikainamisha kichwa, maana tumbo lile lilikuwa la konstebo wa wiki iliyopita. Mwenyekiti hakutahayari hata chembe. Alizinyoosha tena karatasi zake, akamtazama koplo kwa huruma ya baba mzazi.

"Basi jitetee, kijana wangu, ni haki yako. Ila sema ni tumbo, maana hukumu imeshapigwa muhuri."