Gauni la Kanisani Mtumbwini

Kwenye matanga ya mama, hapa Mbale, walichemsha samaki wa moshi, na harufu yake ikanirudisha kwenye mtumbwi wa baba, tukitoka Jinja kwenda kisiwani kuvua. Kazi yangu ilikuwa kuchota kwa kopo maji yaliyoingia mtumbwini. Siku ile mama alinivika gauni la kanisani.

“Samaki watanicheka,” nikamwambia.

Alinifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

Kisiwani baba aliniacha kwa shangazi, dada yake, akasukuma mtumbwi majini.

“Baba, kopo ninalo mimi. Nani atachota maji?”

Alipiga kasia bila kugeuka.

Shangazi alinifuta matope kwenye pindo la gauni.

“Usilie, mwanangu. Nguo zako nyingine mama alishazituma juzi.”