Fundi Aliyetaka Kaa Apewe Namba

Simu ilinikuta sokoni Ngamiani nikichagua samaki, na aliyepiga hakunizungusha. Alisema Fundi amefariki alfajiri, presha, na maziko ni kesho saa nane mchana huko huko kijijini, kwenye milima ya Amani. Nikamwuliza Fundi yupi, maana kwa umri wangu mafundi ninaowajua ni wengi, nao wanaondoka mmoja mmoja. "Fundi wa Kaa," akasema. Nikamrudishia muuzaji samaki wake nikaenda kukaa kwenye benchi la muuza kahawa, na kikombe kikapoa mkononi. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii watamkumbuka, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja, mwenyewe hakupenda. Ndiye yule niliyemwandika humu, kwa kejeli ambayo sasa inaniuma, kwamba ni mtu pekee mkoa mzima anayesukuma chombo kizima chenye mafuta na injini nzuri.

Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, mtoto wa manamba aliyekuja kutoka mbali kukata mkonge na asirudi kwao tena. Alikulia katika Ukatoliki wa baba yake na kelele za korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, na korona ndiyo iliyompa kazi maisha yake yote. Alipostaafu alihamia kijijini kwa mkewe, kwenye miteremko ya iliki na karafuu. Huyo Kaa alimpata Pangani. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inafungwa, na mwenye hoteli akamwachia pikipiki ya magurudumu manne iliyokuwa ikichezewa na wageni mchangani, mbovu, haiwaki. Fundi aliifufua, akaiunganishia nyuma kitanda cha mbao chenye godoro la sponji, akaipandisha mlimani. Watoto walipoiona imetanua matairi yake pande zote wakaiita Kaa, na jina likashika.

Kijiji kile kina njia moja ya kushukia, nyembamba, ya udongo mwekundu. Wakati wa masika hata bodaboda hodari huteleza na kulala chali. Kaa hakujali. Alishuka na wagonjwa waliokuwa zamani wakibebwa kwa machela na wanaume sita, akawafikisha chini palipo na kijiwe cha bodaboda na barabara ya serikali. Hapo ndipo shida ilipoanza. Zahanati iko mbele kwenye barabara hiyo hiyo, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na Kaa hakuwa na ruhusa ya kuikanyaga. Hakuwa na namba, hakuwa na bima, wala hakuwa na fungu la kuingizwa. Si pikipiki, si bajaji, si gari. Fundi alikuwa ameuliza kituo cha polisi kwa hiari yake, akajibiwa kwa uwazi kwamba kwenye njia za kijiji afanye atakavyo, barabarani hapana. Basi kila alipofika barabarani alizima injini, akachomoa ufunguo akautia mfuko wa shati, akaanza kusukuma. Mgonjwa aliyeweza kukaa alihamishiwa bodaboda. Asiyeweza alisukumwa. Vijana wa kijiwe waliacha pikipiki zao wakashika, mwanamke aliyekuwa anakwenda gulioni alitua kapu akashika, na ikawa ndiyo desturi ya pale. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni mtoto wa nani.

Mimi nilisukuma mara moja. Nilikuwa nimekwenda kutafuta iliki, nimevaa viatu vyangu vya kwendea harusini, na mbele yangu akashuka Kaa na binti mwenye uchungu wa uzazi, mkwewe yuko pembeni amemshika mkono. Fundi akazima. Yule mama mkwe akamtazama kama mtu aliyeishiwa akili. "Washa, baba," akamwambia. "Serikali haiko hapa. Hapa tuko sie na Mungu." Fundi akamjibu kwa adabu kwamba wakianguka barabarani na chombo hakina bima, mwanawe atakuwa ameumia bure na hakuna wa kumdai. Mama akasema maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa, na sisi tukasukuma. Binti alijifungua salama, lakini kwa kubahatisha, muuguzi hajamaliza hata kuvaa glovu. Viatu vyangu vilikwisha siku ile. Tulipokaa nje kupumua nilikuwa na hasira, nikamwambia kwamba kawia ufike ni maneno ya wasafiri, si ya wajawazito. Tena askari wa barabara ile ni rafiki yake, wanakunywa chai pamoja kila Jumapili baada ya misa. Ampitie tu mbele, nani atasema?

Fundi alifuta jasho kwa leso yake, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. "Afande ni mtu mwema sana," akasema. "Lakini atahamishwa."

Sikumwelewa. Niliona ni ukaidi wa mtu wa mashine, aliyezoea kwamba kila skrubu ina tundu lake. Nikarudi mjini nikaandika kejeli yangu, na wengi mkanipigia simu mkicheka.

Kisha ikaja masika nyingine, na mkulima mmoja akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Mvua ilikuwa inamwagika, kijiwe hakina mtu, na chini barabarani walikuwa watatu tu: Fundi, mgonjwa aliyelala kwenye kitanda cha mbao hajitambui, na mke wa mgonjwa. Walijaribu kusukuma. Kaa hakusogea hata hatua kumi. Fundi akautoa ufunguo mfukoni, akawasha, akaendesha katikati ya barabara ya serikali mpaka mlango wa zahanati. Yule mkulima yu hai, anatembea kwa fimbo, na kwenye maziko nilimwona.

Mtu mwingine angeishia hapo na kumshukuru Mungu. Fundi kesho yake alivaa suruali yake ya kanisani akaenda kituoni kujishtaki. Afande alimcheka kwanza, kisha akamwonea huruma, kisha akamsihi aende nyumbani. Alimwambia hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeumia, na yeye mwenyewe hakuona kitu. Fundi hakuinuka kwenye kiti. Alitaka iandikwe kwamba siku fulani, saa fulani, ameendesha chombo kisicho na namba kwenye barabara ya umma, na sababu iandikwe pia, kwamba mtu alikuwa anakufa. Iliandikwa. Akaomba nakala. Karatasi ile ya kosa lake mwenyewe ndiyo ikawa ya kwanza katika jalada la maombi yake. Nyuma yake akapanga barua ya muuguzi, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mchoro wa barabara aliouchora kwa penseli. Ofisi zilizokuwa zikimwambia kwamba jambo hili halijawahi kutokea hazikuweza tena kusema hivyo, kwa sababu limetokea na lina muhuri.

Alizungushwa, sitaficha. Aliambiwa arudi wiki ijayo na wiki ijayo akarudi. Alimfungia Kaa taa za kona, vioo viwili, honi na viakisi mwangaza, vyote kutoka kwenye pikipiki zilizokufa. Siku ya ukaguzi alikuja afisa mwanamke, mtu wa maneno machache. Akakizunguka chombo mara mbili, kisha akafanya jambo ambalo Fundi alilisimulia mpaka mwisho wa uhai wake: alipanda yeye mwenyewe kitandani, akalala kama mgonjwa, akaamuru wateremke mlima na kufunga breki. Alipoinuka akaagiza mikanda iongezwe na kitanda kishushwe. Havikuwa visingizio, Fundi aliniambia, alikuwa na haki, na yeye aliona haya kwamba hakuyafikiria mwenyewe. Mwishowe namba ikatoka, na bima, na kibali chenye masharti yake: kipande kile tu cha barabara, mwendo wa polepole, kofia ngumu, dereva mwenye leseni.

Siku ya kwanza ya Kaa kupita kihalali nilialikwa, nikaenda na viatu vya mpira. Fundi alifika barabarani na mgonjwa, hakuzima. Vijana wa kijiwe, kwa mazoea, waliruka wakamshika Kaa wakasukuma. Injini inanguruma nao wanasukuma, wanakimbia pembeni, mpaka yule mwenye mguu uliovunjika pale kitandani akaanza kuwaambia waache watamwangusha. Hawakuacha mpaka zahanati. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba si kicheko peke yake.

Kuna wasomaji walioniandikia wakidai kwamba kama Kaa amepewa namba basi zile pikipiki za magurudumu manne za vijana wenye nafasi wanaovuma nazo mjini, Raskazone, nazo ziachiwe. Nasema hapana, na Fundi angesema hapana kwa sauti kubwa kuliko yangu. Sikatai vyombo vipya. Bodaboda nazo zilianza kwa kukimbizwa, leo ndizo zinazoufikisha mkoa huu kazini, kuanzia Moa mpaka Pangani. Lakini anayetaka barabara ya wote aje kama alivyokuja yeye, na taa zake, na mikanda yake, na aseme anambeba nani. Sisi tumezoea njia nyingine. Tunamtafuta binamu aliye ofisini, tunampigia simu aliyesoma na kaka yetu, tunapita, na tukishapita tunaufunga mlango nyuma yetu bila hata kujua. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri gazetini. Nilikuwa nikiuita ujanja.

Kwenye maziko nilitegemea kumkuta Kaa amepambwa maua mbele ya kanisa. Hakuwapo. Nikaudhika, nikadhani ndugu wamekwisha kuanza kugombea mali hata jeneza halijatoka. Tulikuwa tunatupia udongo alipotokea mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo, kofia ngumu mkononi na matope mpaka magotini. Fundi alikuwa amemhimiza akasomea udereva, akamkabidhi ufunguo tangu presha ilipoanza kumsumbua. Akachota udongo, akautupa, akalia. Baadaye alinieleza kwamba asubuhi ile alimshusha mama mwenye mimba, na barabarani akasimamishwa na askari asiyemjua, mgeni kabisa, kahamia wiki hii. Askari akaomba leseni, akaomba bima, akaomba kibali. Akavisoma vyote, bila haraka, mgonjwa anagumia kwa uchungu. Kisha akavirudisha.

"Pita, mama," akamwambia. "Pole na mgonjwa."

Nimewasifu katika safu hii watu wengi waliokuwa wakifahamika katika kila ofisi ya mji huu. Wamekufa, na milango waliyotufungulia imefungwa siku ile ile. Fundi alihangaika miaka ili aliye nyuma yake asihitaji kufahamiana na mtu. Askari yule hakujua kama kuna msiba, wala jina la Fundi hakuliuliza, na mama mwenye mimba akafika.