Sauti ya Kufuta

Kuna sauti moja ambayo nikiisikia masikio yangu hupata moto, ingawa haimtishi mtu mwingine yeyote. Wiki iliyopita Faith, msichana tunayeketi naye ofisini, aliweka kwenye kompyuta yake kiprogramu kidogo cha kuifanya kibodi ilie kama taipureta ya zamani. Ukibonyeza herufi, ta. Ukimaliza mstari, kengele, ting. Ukifuta, krrk, kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Wenzangu walicheka na kila mmoja akataka kujaribu. Mimi nina mtoto shuleni na mvi mbili tatu, lakini niliona haya kama mtoto aliyejikojolea darasani. Nitawaambia nilichofanya, ila kwanza niwarudishe nyuma kidogo.

Mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo nilikuwa na miaka tisa, kwenye saiba, yaani duka la kompyuta, ya kijana mmoja aliyeitwa Dan, mjini Nakuru. Dan alikuwa amerithi chumba kile kutoka kwa mamake, aliyekuwa akiwapigia watu barua kwa taipureta. Wateja wa mamake, wengi wao wazee wa kutoka Rongai na Molo, hawakuipenda kompyuta kwa sababu ilifanya kazi kimya. Walisimama nyuma ya Dan wakimshuku kwamba anacheza tu. Basi Dan akatafuta kiprogramu hicho, akaitoa sauti yake kwenye spika mbili kubwa alizokuwa akipigia nyimbo za injili, na wazee wakaridhika. "Mteja lazima asikie kazi yake," alikuwa akisema. Hata aliyekuwa nje akinunua miwa alijua kama barua yako imeisha.

Sisi tulienda kwa Dan kwa sababu Baba alikuwa amekufa.

Baba alikuwa mtu wa Mau Narok. Huko alikuwa na mke, watoto watatu na lori la viazi. Mama alikuwa na kibanda cha mboga Nakuru, na lori likija kushusha mzigo Baba alipitia kwetu, ananuka udongo mbichi na dizeli, akanichagulia viazi vya kuchoma kwenye jivu. Sikujua kwamba sisi ni siri. Nilidhani baba wote huja siku ya soko.

Alipougua tuliambiwa na watu, na alipokufa vilevile. Kisha baba mkubwa, yaani kaka yake Baba, akampigia Mama simu. Ndugu wangeshuka mjini kuchapisha kijitabu cha mazishi, kwa hivyo Mama aje na mtoto, jina liandikwe. Mama aliipokea simu hiyo akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa chini. Nyinyi mnajua mambo ya kwetu. Jina lako likiwa kwenye kijitabu kile, wewe ni mtoto wa mtu. Likikosekana, hata ulie namna gani kaburini, watu wataulizana huyu naye ni wa nani.

Lazima mjue pia Mama alikuwa mtu wa aina gani. Alilelewa kwenye landhi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi vilivyobanana, mahali ambapo jirani husikia ukipiga chafya, na pengine ndiyo maana aliongea kwa sauti ya chini maisha yake yote. Sokoni wenzake walipoita wateja, yeye alipanga nyanya zake akangoja. Nami nikipaza sauti aliniambia, "Debe tupu haliachi kuvuma." Nilijivunia sana kuwa na mama asiye debe tupu.

Siku hiyo alinivalisha sweta ya shule, kwa maana ndiyo pekee iliyokuwa nzima. Tulimkuta baba mkubwa ameketi kando ya Dan akimsomea maneno kutoka kwenye karatasi. Alitusalimia kwa mkono, akanishika kichwa.

"Huyu ni wetu," akamwambia Dan. "Hebu weka na yeye hapo kwa watoto. Damaris."

Tukakaa kwenye benchi nyuma yao. Nikalisikia jina langu kwenye zile spika kubwa, ta, ta, ta, herufi baada ya herufi, halafu ting. Nilitabasamu. Mungu anisamehe, tulikuwa tunapanga mazishi ya babangu na mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha akaingia shangazi, dada mkubwa wa Baba, na mkoba wake mweusi kwapani. Alimsalimia kila mtu isipokuwa sisi. Akainama kusoma kwenye kioo cha kompyuta, kidole chake kikifuata mstari, mpaka kidole kikasimama. Alinong'ona kitu. Baba mkubwa akaangalia viatu vyake. Dan akamtazama baba mkubwa, akangoja, akaona hakuna neno linalokuja.

Hapo Mama akapasuka.

"Boss! Wewe wa njugu! Kuja hapa!" Alikuwa akimwita mchuuzi aliyekuwa akipita mlangoni. "Hizi njugu ni how much?"

Kijana akataja bei.

"Ati? Sema tena! Hizo ni njugu ama ni dhahabu? Na mbona zimeungua? Ulizikaanga lini?" Alikuwa akipiga kelele, mamangu huyu. Akanishika bega akanigeuza nimtazame yeye. "Damaris, unataka za chumvi ama plain? Sema! Sema kwa nguvu!"

Watu wote wakatugeukia. Shangazi akasonya. Na chini ya zile kelele, kwenye spika, nikaisikia: krrk, krrk, krrk, taratibu, kama kwamba Dan hakutaka kufika mwisho. Nilikuwa nimekaa mle muda wa kutosha kujua krrk ni nini.

Sauti iliponyamaza, Mama naye akanyamaza, katikati ya neno. Hakununua njugu. Yule kijana akaenda zake akinung'unika, "Aki mathe, si ungesema tu hutaki."

Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Aibu yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Mama. Niliuvuta mkono wangu kutoka kwenye wake, nikaenda kusimama karibu na printa, upande wa shangazi, ili mtu akiingia asijue nimekuja na nani. Akilini mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Tulikuwa tumeandikwa, Mama akavuma kama debe tupu, tukafutwa.

Jioni, akiwa anawasha jiko, nikamwambia hivyo hivyo. "Ungenyamaza tu, wangetuacha."

Alipuliza makaa kwa muda mrefu. "Ni kweli," akasema. "Nisamehe, mami. Sitapiga kelele tena."

Na kweli hakupiga. Mazishini tulisimama nyuma kabisa, baridi ya Mau Narok ikitukata masikio. Wanawake wengine walilia, lakini Mama hakutoa hata mguno. Niliona amejirekebisha, nikamsamehe. Hiyo ndiyo aibu niliyo nayo leo, jamani, kwamba nilimsamehe, na nikaendelea kumsamehe miaka na miaka kama mtu mwenye roho nzuri.

Sasa turudi ofisini. Faith alikuwa na aya ndefu ya kufuta. Alibonyeza kidole akakiacha hapo, krrk ikafuatana na krrk bila kupumua, na mimi nikasikia mtu akiuliza kwa sauti kubwa kama chai imeletwa, kama sukari iko, nani amechukua kikombe cha bluu. Wenzangu walinitazama. Mtu huyo alikuwa mimi. Faith akaachia kidole, nami nikanyamaza katikati ya neno.

Nilikaa nikayapanga mambo ya siku ile upya. Mama alianza kelele zake pale kidole cha shangazi kiliposimama, kabla ya krrk ya kwanza, akamaliza pamoja na ya mwisho. Na jioni ile kwenye makaa alijua nitalala na moja kati ya mawili, ama kwamba kwa Baba sitakiwi, ama kwamba mamangu ana kelele. Akaniachia lile jepesi, akalibeba jina la kelele yeye mwenyewe.

Jumapili nilikwenda kwake. Nilimkuta akichambua mboga za managu mlangoni, nikakaa kumsaidia.

"Mama, unakumbuka njugu za pale kwa Dan?"

Mikono yake ikasimama. "Zilikuwa zimeungua," akasema.

"Nilisikia, Mama. Nilisikia wakinifuta."

"Ulisikia yote?"

"Yote."

"Kumbe," akasema kwa ile sauti yake ya chini, akarudi kwa mboga zake. "Basi sikupiga kelele ya kutosha."