Kabla Muuza Mbao Hajajibu

Swali lililokuwa likiniamsha ni hili: kama deni humfunga marehemu kaburini, basi mie ninayeomba wadai watuongezee muda, si ndiye ninayemwongezea baba kifungo? Nililigeuza upande huu na upande ule mpaka ikaadhiniwa alfajiri, nikaondoka kitandani na kichwa kizito na jibu sina.

Baba alikuwa seremala. Banda lake lipo Jang'ombe, na kazi yake ilikuwa milango, madirisha na vitanda. Siku ya maziko, kabla jeneza halijaswaliwa, ami yangu, mdogo wake baba, alisimama mbele ya watu akasema yale yanayosemwa kila mara: anayemdai marehemu aje kwetu, na anayeweza kusamehe asamehe. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, nikayasikia kwa kusimuliwa. Walikuja watatu. Mwenye duka la bawaba na vitasa, bibi mmoja wa Mbweni aliyekuwa ametanguliza malipo ya mlango wa uani, na muuza mbao wa Ng'ambo. Deni la huyu wa mwisho liliyafunika ya wenzake, kwa sababu baba alichukua kwake mbao za nyumba nzima, akazifanyia kazi, kisha mwenye nyumba akaishiwa pesa, ujenzi ukasimama.

Ami alitaka tuuze banda.

"Kuna mtu analitaka alifanye duka la simu," aliniambia. "Analipa taslimu. Tunawalipa wote, kaka yangu anapumzika. Wewe mwanangu unataka nini zaidi ya hapo?"

Nina shahada ya biashara, na tangu nihitimu shughuli yangu kubwa ilikuwa kutuma maombi ya kazi na kuwaza kwa nini hayajibiwi. Lakini niliona jambo moja wazi. Banda lilikuwa na mafundi wawili, mashine ya randa inayofanya kazi, na oda za watu zilizolipiwa nusu. Ndugu zangu wadogo bado wanasoma, na mama alikuwa edani, hatoki nje ya nyumba. Tukiuza, deni litakwisha, na chakula kitaondoka nalo.

Nilikwenda chumbani kwa mama nikamweleza yote, pamoja na hofu zangu, ambazo alizisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Ami yako hakosei," alisema. "Ila baba yako hakuchukua mbao za watu akakimbia nazo. Alichukua akafanya kazi, kila mtu kaiona. Nenda ukazungumze nao. Wakikataa, tutauza."

Kabla ya kwenda nilimpigia simu shehe wa msikiti wetu. Alinambia njia ni mbili. Ama tuwaombe wadai wamsubiri marehemu, walipwe kidogo kidogo. Ama mmoja wetu alichukue deni liwe lake yeye, na wadai wakiridhia, marehemu atakuwa ametoka humo.

"Na huyo aliyelichukua akifa kabla hajalipa?" nikauliza.

"Atadaiwa yeye. Wewe mwanangu unatafuta deni lisilo na mwenyewe?"

Nilimshukuru nikachagua njia ya kwanza. Nilijiambia ni busara. Mtu asiye na kazi atawezaje kusimama mbele ya wafanyabiashara akasema nidaini mimi?

Mwenye duka la bawaba alikubali papo hapo, akanipa na soda. Bibi wa Mbweni alinifungulia mlango mwenyewe, akaniacha nimesimama kizingitini.

"Usukume," alisema, akinionyesha mlango ule ule wa mbele. "Kwa kidole kimoja."

Nikausukuma. Ulikwenda bila sauti, ukasimama pale nilipouacha.

"Masika na kiangazi, hivyo hivyo. Kautengeneza baba yako. Nitausubiri na wa uani, mimi sina haraka."

Nilitoka Mbweni nimenyoosha mgongo. Tangu siku hiyo nikawa ninaitazama milango. Zipo nyumba nyingi ambazo wenyewe hawanijui wala siwajui, lakini namjua aliyepima miimo ya milango yao. Hata kule Mji Mkongwe nilikutana na dirisha alilolitengeneza upya mwaka nilioanza chuo, nikajikuta natabasamu peke yangu, mpaka mlinzi wa jengo akaniuliza kama nimepotea.

Muuza mbao ndiye aliyetuweka roho juu. Alinipokea vizuri, akaitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpango wote, kisha akasema, "Mwanangu, biashara hii si yangu peke yangu. Nna mwenzangu yuko bara, yeye ndiye anayenunua mbao. Siwezi kukwambia ndiyo wala hapana mpaka nizungumze naye. Nipe nafasi."

Nikampa nafasi. Mimi nikakosa ya kwangu. Alipompa ami salamu msikitini siku ya Ijumaa, nilimtaka ami anisimulie salamu zenyewe zilikuwaje: alitabasamu, hakutabasamu, alimshika mkono kwa muda gani?

"Alinisalimu kama mtu anayemsalimu mtu," ami akajibu. "Unataka nimpige picha?"

Lori lake lilipopita mbele ya banda bila kusimama, niliona ni dalili mbaya. Liliposimama siku nyingine, nikaona ni mbaya zaidi. Kumbe dereva alikuwa akinunua maji. Nilimwandikia muuza mbao ujumbe wa kumkumbusha, nikaufuta, nikauandika tena kwa heshima zaidi, nikaufuta.

Dawa niliyoipata ilikuwa kwenda bandani kila asubuhi. Mwanzoni nilikuwa nikifagia maranda tu na kupokea wateja. Baadaye nikapewa msasa. Mafundi wa baba walinifanyia dhihaka zao, nami nikazipenda, kwa sababu ukiwa unachekwa huwezi kuwaza sana.

"Dada, kiti hicho ukikisugua zaidi kitageuka karatasi," mmoja akanambia.

"Mwache," mwenzake akasema. "Anatafuta cheti kingine humo ndani."

Wateja waliendelea kuja. Wengine walikuja kutoa pole wakaondoka wameagiza kitanda. Kila kazi ilipotoka nilitenga kitu kwa ajili ya malipo ya kwanza, na mama akawa akiniuliza jioni, "Leo imetoka nini?" Nikimtajia, aliitika kwa fahari ile ile aliyokuwa akimwitikia baba. Hapo nilijua kwamba sitaki tena kuuza, hata kama muuza mbao atakataa. Lakini kule kutaka kwenyewe kukaongeza lile swali: ninalishikilia banda kwa ajili ya nani, na nani anayelipia?

Mwishowe muuza mbao alipiga simu. Nilikwenda na ami, malipo ya kwanza yakiwa ndani ya mkoba. Kwenye baraza ya duka walikuwapo wateja wawili wanangoja kupakiliwa mbao zao. Muuza mbao alitukaribisha tukae, akaulizia hali ya mama, akaulizia ya wadogo zangu, ndipo akasema.

"Nimezungumza na mwenzangu. Tumekubali. Marehemu alikuwa mtu wetu, tutamsubiri."

"Alhamdulillahi," ami akasema. Alikuwa ameshainuka. "Mungu akulipe kheri. Haya mwanangu, toa hiyo amana twende zetu."

Ndilo jibu nililolingoja, tena limekuja kwa wema. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilimwona baba akilini, mtu ambaye hakupenda kumweka mteja hata kwa bawaba moja, akisubiriwa mwezi baada ya mwezi na watu wa Ng'ambo, mpaka mimi nitakapopata. Ami alikuwa akinitazama, mkono wake ukinionyesha njia.

"Mzee wangu," nikamwambia muuza mbao, "nakuomba msimsubiri marehemu. Nisubirini mimi."

"Una maana gani?"

"Deni nalichukua mimi. Liwe langu, si lake tena. Mkiridhia."

Ami akakaa. "Wewe binti, huna kazi."

"Ninayo, ami. Nipo bandani kila siku."

"Mwanangu," muuza mbao akasema taratibu, "unajua unachokisema? Tukimsubiri yeye, ukishindwa, banda lipo, tutazungumza na nyie wote. Ukilichukua wewe, ukishindwa, nitakuja kwako. Leo, kesho, hata ukiwa umeolewa."

"Uje."

Alichukua simu, akampigia mwenzake, pale pale, sauti wazi, nikalazimika kuyarudia maneno yangu kwa mtu nisiyemwona, mbele ya ami na wale wateja wawili ambao sasa walikuwa wameacha kabisa kujali mbao zao. Yule wa bara akauliza, "Baba yake alikuwa akilipa?" Muuza mbao akamjibu, "Miaka yote." Yule akasema, "Basi mimi nimeridhia."

"Na mimi nimeridhia," muuza mbao akasema, akawageukia wateja wake. "Mmesikia? Marehemu simdai kitu."

Moyo wangu ulikuwa umetulia kama mlango uliokaa sawa kwenye miimo yake. Ami alivuta shuka ya bega lake akafuta uso. Nikafungua mkoba, nikatoa zile pesa, nikamkabidhi muuza mbao kwa mikono miwili.

"Hizi zangu," nikamwambia. "Za kwanza."