Betri Kwenye Kikapu cha Chai

Simu ya pili, ile mbovu, ndiyo ninayoikumbuka vizuri. Ya kwanza ilikaa kwetu wiki sita tu.

Ilikuwa mwishoni kabisa mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu juu ya mji wa Litein. Kaka yangu alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, na kabla ya kuondoka alimwachia mama simu yake mpya, ndogo, ya kijivu, ili awe akimpigia kila Jumapili baada ya kanisa. Upande wetu wa mlima hakukuwa na mtu mwingine mwenye simu ya mkononi. Mama aliifunga kwa leso akaiweka kwenye kabati la jikoni pamoja na vikombe vya wageni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kila asubuhi nilitamani kuwa mahali popote isipokuwa nyumbani.

Jumatano moja nilitumwa kuchuma chai pamoja na mama mmoja tuliyemwajiri, mtu wa Kisii aliyekuwa amefanya kazi kwetu miaka minne. Nilitoa simu kabatini bila kumwambia mtu, nikaitia kwenye mfuko wa shati. Sikuwa na mtu wa kumpigia. Nilitaka tu kuitoa pale kwenye kituo cha kununulia chai, watu wanione. Hata shambani nilishindwa kuvumilia. Niliitoa mara tatu, nne, nikaitazama. Yule mama akacheka.

"Weka hiyo kitu, kijana. Itaanguka kwa majani uipeleke fakitori."

Nilichuma vibaya siku hiyo kwa sababu ya haraka. Badala ya majani mawili na chipukizi nilivuta chochote, hata majani magumu, nikayaficha chini kabisa ndani ya kikapu. Kituoni kila mtu humwaga majani yake mezani, karani akayapekua kabla ya kupima. Karani huyo tulikuwa tukicheza mpira pamoja. Nilimkonyeza, akageuka upande, nikamwaga moja kwa moja guniani. Lori la kiwanda likaja, likapakia, likaondoka. Lilipokuwa linapinda kona ndipo nilipotia mkono mfukoni ili niitoe ile simu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Ningemwaga mezani kama wengine, ingeonekana pale pale juu ya majani. Kulikimbilia lori kungekuwa kueleza kwa nini sikumwaga mezani. Nikabeba kikapu changu kitupu nikaenda nyumbani.

Jumamosi mama alifungua kabati, simu haipo. Mtu pekee asiye wa nyumba aliyeingia jikoni wiki hiyo alikuwa yule mchumaji, aliyefuata chai yake ya saa nne. Akaitwa, akasimama mlangoni.

"Mimi?" akasema. "Si huyu kijana alikuwa nayo Jumatano tukichuma? Mwulizeni."

Mama akanigeukia. "Ulikuwa nayo?"

"Mimi sijawahi kuishika hiyo simu."

"Niangalie basi useme hivyo," yule mama akaniambia.

Sikumwangalia. Niliangalia miguu yake, iliyokuwa na matope ya shamba letu.

"Miaka minne," baba akasema, "kumbe alikuwa anaangalia tu kabati."

Yule mama alifungua karatasi la nailoni alilokuwa akijifunga kiunoni wakati wa kuchuma, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ua wa boma letu, akaenda. Hakungoja hata kuulizwa swali lingine. Kufikia Jumatatu kituo kizima cha chai kilikuwa kikimwita mwizi.

Kaka alikuwa ameacha simu nyingine ndani ya sanduku la vitabu vyake, ile aliyoanza nayo: nzito kama tofali, na eriali iliyovunjika katikati. Baba alienda Kericho mjini akanunua kadi mpya ya simu, tukamwandikia kaka barua yenye namba. Lakini betri ya simu ilikuwa imekufa. Fundi wa redio pale Litein alichukua waya wa simu hiyo wa kuchajia garini, akakata ncha, akafunga vibanio viwili. Tangu hapo simu ilizungumza tu ikiwa imeunganishwa na betri ya gari, ile tuliyotumia kwa televisheni.

Na netiweki ilipatikana kilimani tu, juu ya kituo cha chai.

Kwa hiyo kila Jumapili nilitia betri ndani ya kikapu cha kuchumia, nikakibeba mgongoni, nikapanda, mama nyuma yangu na gauni lake la kanisa. Watu waliotoka ibadani walisimama kututazama.

"Wee, leo umechuma kilo ngapi?"

"Na Jumapili! Hata Mungu anakuona!"

Asidi ilivuja ikatoboa shati langu. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni waya. Fundi alikuwa ameufupisha, haukufika hata urefu wa mkono. Mama alilazimika kusimama nyuma yangu, karibu kunigusa, akiongea juu ya bega langu. Sikuweza kusogea hatua moja bila kumkatia simu. Nilisikia kila neno.

"Yule mama wa Kisii, mwanangu. Na vile nilimpa nguo zenu za utoto."

Jumapili iliyofuata, tena. Na nyingine. Nilisimama kama nguzo, nikitazama bonde la chai, masikio yakiwaka.

Jumapili ya tano alisema, "Amepata kazi kwa yale mashamba makubwa karibu na Kericho. Baba yako anaenda kesho kumwambia msimamizi huyo ni mtu wa aina gani."

Sikugeuka. Nadhani uso wake ungekuwa mbele yangu nisingesema kitu.

"Mama, hakuiba. Niliitoa mimi. Ilienda na majani."

Sauti ya kaka ilikuwa inaita kutoka kwenye ule mtambo, halo, halo. Mwishowe mama akamjibu, polepole.

"Mwanangu, yule mama hakuiba. Mwizi yuko hapa. Ndiye amenibebea betri."

Kesho yake mama alivaa gauni lile lile la kanisa, tukaenda kwa yale mashamba makubwa, yeye na mimi. Baba alibaki. Msimamizi alituonyesha kwa kidole, na tulimkuta yule mama katikati ya mistari ya chai, mikono ikienda bila yeye kuitazama. Mama aliomba msamaha kwanza. Alikuwa akilia. Mimi nilisema yangu, yote, hadi majani magumu.

Safari hii nilimwangalia. Yeye hakuacha kuchuma.

"Nilikwambia itaanguka," akasema. Kisha, baada ya konzi mbili tatu za majani: "Umenifuata huku, ambako hakuna mtu ananiita mwizi. Nenda ukaseme pale kituoni, mbele ya karani wako. Huko ndiko jina langu liko."

"Nitasema."

"Haya. Sasa toka kwa mstari wangu, unanichelewesha."

Nilisema, Jumanne, lori likiwa linangojewa na watu wamejaa. Karani alikuwa wa kwanza kuangalia chini. Hakuna aliyecheka. Wiki mbili baadaye niliondoka nyumbani, na sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu tangu hapo. Lakini Jumapili mbili zile zilizobaki nilibeba betri, na mama hakuniambia neno njiani, kupanda wala kushuka.